Spika Inayokoroma

Jumatatu, 5 Mei

Baridi leo. Nimekagua mafuta, maji, tairi, machela, mtungi wa oksijeni. Nimewasha ambulensi kwa kuiachia iteremke kwenye kimteremko cha zahanati ya Ntimaru, maana starta imechoka na fundi wa Migori ananiahidi tu. Kisha nikawasha redio.

Redio imezidi. Tangu wiki iliyopita spika yake inakoroma. Leo inakoroma na kuchemka kwa pamoja, kama sufuria ya mahindi kwenye moto mkali. Peres alikuwa anaita kutoka chumba cha redio Migori, kuuliza kila gari liko wapi. Nilimtambua kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Maneno sikuyapata. Nikajibu, "Ntimaru niko tayari, ova," nikitumaini kwamba hilo ndilo alilouliza.

Ni redio ya zamani, imefungwa chini ya dashibodi tangu kabla ya dereva aliyenitangulia. Shirika lenye ambulensi linasema siku hizi kila mtu ana simu. Mlingoti wa simu wa huku umekufa tangu ile mvua ya upepo, na hakuna aliyekuja kuutazama. Kwa hiyo ni redio au ni kimya.

Mgonjwa mmoja. Mzee wa pumu, hadi Kehancha na kurudi.

Jioni Peres hufunga zamu kwa kuita gari moja moja. Mimi hunimalizia kwa neno la Kijaluo la kuagana. Oriti. Ndilo neno pekee la lugha yangu ninalosikia kutwa nzima. Watu wa hapa wanaongea Kikuria. Nikifika wananigeuzia Kiswahili, kwa adabu, kisha wanarudi kwenye mazungumzo yao. Siwalaumu. Leo oriti sikuisikia. Mngurumo uliimeza.

Nimekula ugali na maharage. Nalala mapema kwa sababu hakuna lingine.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna mgonjwa. Nimeshinda na redio.

Nimechomoa waya wa antena. Kelele ikabaki vilevile. Nimeshusha sauti hadi mwisho, mahali ambapo redio inatakiwa kunyamaza kabisa. Kelele haikupungua hata kidogo. Basi haitoki hewani. Haitoki kwa Peres wala njiani. Inazaliwa humu humu ndani ya redio.

Nikawasha injini. Juu ya mngurumo ukaja mluzi mwembamba. Nikikanyaga mafuta, mluzi unapanda. Nikiachia, unashuka. Nikazima injini, mluzi ukafa, mngurumo ukabaki.

Kwa hiyo kelele ni mbili. Moja ya redio yenyewe, moja inaletwa na alterneta. Au ni moja yenye miguu miwili. Sijui. Mimi ni dereva. Nilijifunza kidogo mambo ya nyaya nilipokuwa nikiendesha magari ya samaki kule Mbita, ambako ukikwama na mzigo wa sangara unajifunza haraka.

Nesi wa zamu alipita akaniona nimelala chali chini ya dashibodi. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akaenda. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo.

Jumatano, 7 Mei

Nimetoa spika na kuitazama. Karatasi yake ina vumbi lakini haijachanika. Nikafunga mahali pake spika ya redio yangu ya nyumbani. Ikakoroma vilevile. Spika haina hatia. Nimeirudisha.

Nimefungua waya wa ethi, ule unaoishika redio kwenye bodi ya gari. Kutu. Nikakwaruza kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza. Mluzi ukapungua. Nikafurahi kama mtoto. Nikaendesha hadi sokoni na kurudi, mashimo yote, na mluzi ukarudi wote.

Kitu kimoja nimekiona. Asubuhi, gari likiwa baridi, kelele ni mbaya kupindukia. Jua likipiga dashibodi mpaka mchana, inapungua kidogo. Hilo lina maana yake. Sijaijua.

Leo binti yangu Lavender anatimiza miaka ishirini na minne. Yuko Rusinga, kwa mumewe. Kila mwaka mimi humpigia simu kabla hajanywa chai, kwa sababu mamake ndiye aliyeanzisha. Akeyo, mke wangu, amelala kaburini mwaka wa tatu sasa nyuma ya nyumba yetu. Nimetembea na simu hadi juu ya kilima cha shule, nikaiinua kama mjinga. Hakuna hata mstari mmoja wa mtandao.

Nina upweke. Nimeuandika. Haupungui ukiandikwa.

Ijumaa, 9 Mei

Usiku wa manane. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya chakula cha mchana aliletwa zahanati binti anayeitwa Gati, mke wa Mwita. Mimba ya kwanza. Uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Mama mkwe wake ndiye aliyembeba na majirani juu ya kitanda cha kamba. Mwita mwenyewe yuko ng'ambo, Tanzania, kwenye mashimo ya dhahabu. Nesi alimpima mara moja tu akaniambia, "Migori. Upasuaji. Twende."

Mvua ilianza tukitoka. Nesi na mama mkwe nyuma na mgonjwa, mimi peke yangu mbele na ile spika. Injini ikifanya kazi, mluzi ulikuwa kama msumari sikioni. Nikampa Peres taarifa, mgonjwa ni nani na tunapita wapi. Akajibu kitu. Sikukipata.

Tukashuka kuelekea mtoni. Peres akaita. Akaita tena. Kwa kawaida huita mara moja na kungoja. Safari hii hakungoja. Ndani ya kelele nikapata kipande kimoja tu. "...raja..."

Nikasema rudia. Akarudia. Mluzi ukapanda na injini, ukashuka na injini.

Nilijua cha kufanya na sikukitaka. Nikizima injini mluzi unakufa. Lakini nikizima injini, starta huenda isiiwashe tena, na nyuma yangu kuna mtu anayelia kwa sauti ambayo tayari imekuwa ndogo. Nikatazama barabara. Bado tulikuwa kwenye mteremko. Mita chache mbele inalala tambarare. Ingekuwa ni hapo au basi.

Nikafunga breki. Nikazima.

Nesi akagonga kioo. "Dereva, kwa nini unasimama?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Huyu mtu anakufa."

"Nesi, ngoja."

Nikaweka sikio kwenye spika kabisa, ikanikoromea ubongoni. Na ndani yake, mbali, Peres. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ntimaru, daraja limefunikwa. Lori limechukuliwa na maji. Usishuke. Pita barabara ya juu. Okoth, unanisikia? Usishuke."

Nikasema nimesikia.

Nikaachia breki, gari likaanza kuteremka lenyewe, nikaingiza gia. Ikakohoa. Ikakataa. Tambarare ilikuwa inakuja. Nikarudia gia ya pili, injini ikashika. Nikageuza pale pale, tairi la nyuma likielea kwenye mtaro, na mama mkwe akaanza kuomba kwa Kikuria. Sikuelewa neno hata moja ila jina la Mungu.

Barabara ya juu ni ndefu na ni tope tupu. Tulifika. Milango ikafunguliwa, wakamchukua mbio. Mama mkwe akakimbia nyuma yao na kiatu kimoja.

Nesi alinishika bega kidogo. "Kule chini tungezama sote," akasema.

Nilimuuliza muda tuliopoteza utamfanya nini mtoto. Akaenda kunawa.

Jumamosi, 10 Mei

Nataka kujua.

Dereva haambiwi. Unaendesha kama kichaa, unakabidhi, unaosha damu, unarudi. Waliopona hawakukumbuki na waliokufa hawarudi. Kazi hii nimeifanya hivyo na sijawahi kulalamika. Lakini huyu nilimzimia injini.

Asubuhi nikamuuliza Peres. "Yule mama wa Ntimaru, Gati, yuko vipi, ova." Injini nimezima. Lakini tangu safari ya jana redio imeharibika zaidi, mngurumo sasa peke yake unatosha kufunika kila kitu. Akanijibu jibu refu. Nikasema rudia. Akarudia, refu vilevile. Nikapata "mama." Nikapata "asubuhi." Na neno moja ambalo lilikuwa "pole," au lilikuwa mwanzo wa "polepole."

Pole, au anaendelea polepole. Nimezunguka na neno hilo kutwa nzima.

Mchana akaja Mzee Chacha, baba mkwe wa Gati. Ametoka kwake kwa miguu, magoti mabovu, fimbo mbili. Amekuja kwangu moja kwa moja. Amesikia kwamba gari lina redio ya kuongea na Migori.

"Dereva, wamekuambia nini?"

Nikamwambia ukweli. "Baba, wameniambia. Sikusikia."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alifikiri Kiswahili changu kimekosea.

"Wamesema, na wewe hukusikia."

"Ndiyo, baba. Redio ni mbovu."

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akaweka fimbo zake pembeni. Nikamletea chai. Alikaa hadi watu wa mwisho wakaondoka, akitazama ambulensi kama mtu anayetazama mlango. Niliona aibu. Sijui ya nini, lakini ni aibu.

Nilitaka kwenda Migori kwa pikipiki. Mwenye pikipiki alisema daraja bado liko chini ya maji, na barabara ya juu leo hata ng'ombe hapiti. Gari haliruhusiwi kutoka bila mgonjwa.

Kesho nitaifungua hii redio hata ikinifia mikononi.

Jumapili, 11 Mei

Kuna mtu anaitwa Abdi, ana duka kule sokoni. Anauza taa za sola na chaja, na anatengeneza simu na redio. Ni Muislamu, ametoka Isiolo, kwa hiyo Jumapili hufungua wakati wengine wako kanisani. Nimewahi kununua betri za tochi kwake. Hatukuwahi kuongea.

Nimemwekea redio juu ya meza. Nikamweleza yote. Antena nimechomoa, haikubadilika. Sauti nimeshusha, haikubadilika. Spika nimebadilisha. Ethi nimekwaruza. Baridi ni mbaya, joto ni afadhali.

Hapo kwa joto akainua kichwa. "Sema tena hiyo ya joto."

Nikasema tena.

"Basi ni kapasita," akasema. "Zikizeeka maji yake ya ndani yanakauka. Zikipata joto zinajikaza kidogo, zikipoa zinalala."

Tukafungua pamoja. Yeye alishika bisibisi, mimi tochi. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu na buibui mkavu. Kwenye sehemu inayokuza sauti kulikuwa na vikopo vya kapasita, viwili vimevimba vichwa na kimoja kimevuja ute wa kahawia. Abdi akanionyesha. Kazi yake ni kusafisha umeme kabla haujafika kwenye sauti. Vikifa, uchafu wote wa alterneta unapita moja kwa moja hadi kwenye spika, na redio yenyewe inaanza kunguruma. Ilikuwa kelele moja yenye miguu miwili.

Hakuwa na vipya. Alikuwa na amplifaya ya kanisa iliyoungua, iliyoachwa hapo na wenyewe. Akatafuta humo, akapima kimoja kimoja, akatupa vingi, akabaki na vilivyofaa. Alipokuwa akichoma solda nilimuuliza alijifunzaje Kikuria, maana nimemsikia akibishana na wateja kama mzaliwa.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabu mabati ya hili duka," akasema bila kuinua macho. "Nimeyahesabu yote. Halafu nikaanza kwenda kukaa kwa kinu cha posho, pale wanasaga mahindi. Wanawake wakinicheka, najifunza neno. Wakinicheka tena, najifunza lingine."

Tukafunga redio, tukatembea nayo hadi kwenye gari. Nikaunganisha. Nikawasha.

Kimya. Nilidhani tumeiua. Nikabonyeza kipaza sauti, nikasema, "Migori, Ntimaru."

"Ntimaru, Migori, habari ya mchana, Okoth." Peres, kama ameketi kwenye kiti cha abiria. Nilisikia hata kijiko kikigonga kikombe mezani kwake.

Nikauliza kuhusu Gati.

"Nilikuambia jana," akasema. "Mama yuko salama, walimpasua vizuri. Mtoto alikuwa mvulana. Alifariki jana asubuhi. Pole sana. Ova."

Nikamwambia arudie. Nilikuwa nimesikia kila neno.

Abdi alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Akavua kofia yake, akasema maneno ya dini yake kwa sauti ya chini. Akakusanya vifaa vyake akaenda.

Nikatembea hadi kwa Mzee Chacha. Alikuwa nje, juu ya kigoda, anachonga mpini. Aliniona tangu mbali. Hakusimama. Alipoona sina haraka alijua.

"Gati yuko hai, baba," nikasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto hapana."

Akaendelea kuchonga. Akachonga mpaka mpini ukawa mwembamba kupita kiasi, hauwezi tena kufaa kitu. Kisha akauliza, "Leo umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri, baba."

Jumanne, 13 Mei

Jana nilipata amri ya kwenda kumchukua Gati, yeye na mama mkwe, na mwili. Maji yameteremka, daraja linapitika. Lori bado liko mtoni, limelala ubavu.

Nilifika Migori mapema. Karatasi zilikuwa hazijakamilika. Nikaenda kutafuta chumba cha redio. Miezi yote hii sijawahi kukifikia. Kiko nyuma ya stoo, dirisha wazi. Nikasikia sauti yake kabla ya kuona kitu. Alikuwa anafunga mazungumzo na gari la upande wa ziwa. Akamalizia, "Oriti."

Nikasimama pale ukutani. Akaita gari lingine. Akamalizia, "Oriti."

Anawaambia wote. Jioni huniita wa kwanza nami huzima redio papo hapo, kwa hiyo nilidhani ni langu. Mwanaume wa miaka hamsini na saba amesimama nyuma ya stoo akiona wivu kwa sababu ya neno. Nilitaka kuondoka. Nikabisha hodi.

Ni mwanamke mnene kidogo, miwani ya kamba shingoni, anafuma sweta ya rangi ya machungwa kati ya simu na simu. Nilikuwa nimemchora kichwani mrefu na mwembamba. Tukashikana mikono. Kidole changu kikatafuta kitufe. Tumezoea kubonyeza.

"Kumbe ndiye wewe," akasema kwa Kijaluo.

Nikasema ndiye.

"Ile Ijumaa," akasema, "nilikuita hadi koo likaniuma. Uliponyamaza nilijua umeingia mtoni. Niliweka kichwa mezani hapa." Akagusa mahali penyewe. "Halafu ukasema nimesikia."

Nikamwambia niliizima injini. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa kitu ambacho angependa kukisikia kwa urefu, lakini redio ikaita, na ilibidi aijibu. Nikatoka.

Gati aliomba kukaa mbele. Nesi wa huko alisema alale, akakataa. Akapandishwa polepole, akashika tumbo kwa mkono mmoja. Mama mkwe alikaa nyuma na kile kifurushi kwenye mapaja, kimefungwa leso mpya. Hakutaka kukiweka kwenye machela.

Tukavuka daraja. Peres aliita, safi kabisa. Nikamjibu, nikapunguza sauti. Inapungua sasa.

Gati akasema, akitazama mbele, "Siku ile ulipozima gari, nilifikiri nimekufa. Kulikuwa kimya ghafla."

"Pole."

"Halafu nikasikia mwanamke anasema usishuke. Nikafikiri ananiambia mimi."

Baada ya kitambo akauliza kama nina mke. Tangu nihamie huku hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia alikuwa anaitwa Akeyo. Nikamwambia alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, huku akiwagombeza kunguru kwa majina, na kwamba alikufa kwa presha, sokoni, kati ya watu. Niliongea hadi tukafika kwa Mzee Chacha. Gati alisikiliza yote, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusikilizwa.

Mwita hayupo. Wamemtumia ujumbe kwa mkono wa mfanyabiashara aliyevuka mpaka, hawajui kama umefika. Vijana wa boma jirani wamekwenda mnadani. Mzee Chacha alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, karibu na migomba, fimbo zake ameziweka chini, anachimba amepiga magoti. Shimo lilikuwa halijafika kiwiko.

Nilitakiwa kukabidhi na kurudi na gari. Nikaenda kwake.

"Baba, nipe jembe."

"Wewe ni mgeni."

"Najua. Nipe."

Alinipa. Udongo wa huku ni mwekundu na mzito, mvua imeulainisha. Shimo la mtoto mchanga halichukui muda. Hilo ndilo baya lake. Nilichimba zaidi kuliko ilivyohitajika, nikanyoosha kuta kwa mkono, nikatoa mizizi. Mama mkwe akamshusha. Gati alisimama amejishika kwenye mgomba. Mzee akasema maneno machache ambayo sikuyaelewa na sikumwomba mtu anitafsirie. Nikafukia.

Wakanimiminia maji ya kunawa. Nikaondoka. Barabarani nilisimamisha gari mahali ambapo hakuna nyumba, nikalia. Injini niliiacha ikiunguruma. Nililia kwa ajili ya mtoto, halafu nikagundua nalia kwa ajili ya Akeyo.

Alhamisi, 15 Mei

Redio safi. Sijazoea. Nasikia kila kitu, hadi dereva wa upande wa ziwa akimweleza Peres kuhusu jino lake.

Safari moja. Kijana aliyevunjika mkono. Nimemfikisha.

Nimepitia kwa Abdi kumwambia mtoto amezikwa. Akaniuliza ni nani aliyechimba. Nikasema mimi. Akanisogezea kiti. Tumekaa, wateja wakaja na kwenda. Amenifundisha maneno matatu ya Kikuria. Mawili nimeyasahau njiani.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya mapumziko. Nilikuwa nafua shati alipokuja mtu uani, kijana, mabega mapana, vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Wewe ni Okoth?"

Nikasema ndiye.

"Mimi ni Mwita."

Ujumbe ulimfikia umechelewa. Amefika nyumbani asubuhi hii. Amemwona Gati. Amemwona mama yake. Ameonyeshwa pale penye migomba. Gati hawezi kulisimulia, akianza anakatika. Mama yake anasema ni mapenzi ya Mungu na hasemi zaidi. Mzee amemwambia nenda kwa dereva.

"Nataka unieleze," akasema. "Yote. Mimi sikuwepo."

Nilisuuza shati nikalianika kwanza. Nilihitaji kufanya kitu. Kisha tukaketi kwenye ngazi ya mlango wangu, nikaanza tangu walipomleta Gati juu ya kitanda cha kamba. Nikamweleza mvua. Nikamweleza mteremko, na jinsi nilivyozima, na alivyolia, na alivyonyamaza. Barabara ya juu. Kiatu kimoja cha mama yake. Nilimwambia kwamba sijui kama muda ule ulimuua mtoto, na kwamba sitawahi kujua. Nikamweleza udongo ulivyokuwa, na mizizi niliyoitoa. Hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa akitazama mikono yangu.

Nilimaliza. Kuku wa nesi walipita. Nilifikiri atasimama aende.

Akauliza, "Alikuwa amefunikwa nini?"

"Leso. Mpya. Ya bluu, yenye maua meupe."

Akatikisa kichwa. Akatikisa tena.

Nikaingia ndani kuweka chai. Nina kikombe kimoja tu hapa, sikuwahi kuhitaji cha pili. Nikampa kikombe. Mimi nikanywea bakuli.